Maduhu na Majaruba Sita

Jumatatu asubuhi Ambrosi aliegesha bodaboda yake mbele ya banda langu la chai hapa Makanyagio, mjini Mpanda, na kabla hata hajavua kofia ngumu akanikabidhi karatasi ya daftari na kalamu.

"Bibi, saini hapa."

"Mume wangu, hata chai hujanywa."

"Chai baadaye. Kwanza tumng'oe Mwalimu."

Ambrosi ni mjukuu wa marehemu dada yangu. Ana miaka ishirini na sita, sauti yake inafika sokoni bila kipaza sauti, na moyo wake wote uko kwenye timu yetu ya Shupavu. Mwalimu aliyetaka kumng'oa ni Josephat, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye ni katibu wa timu kwa mwaka wa nane sasa. Mimi ni mwanachama namba kumi na moja. Kadi yangu ni ya zamani kuliko uwanja wenyewe, maana tulipoanza tulichezea kwenye kiwanja cha kanisa.

Nikaitazama ile karatasi. Kulikuwa na majina kumi na manne. Nikamwambia siwezi kusaini bila miwani, na miwani iko ndani, na magoti yangu asubuhi hayapendi kuingia ndani mara mbili. Akacheka kidogo, akakaa kwenye benchi.

Banda langu liko hatua chache tu kutoka uwanjani, kwa hiyo mambo yote ya Shupavu huamuliwa kwangu kwanza, halafu ndipo kamati inakaa. Scola, anayeuza nyanya upande wa pili wa njia, alisikia neno "kung'oa" akaja na kikombe chake.

"Anang'olewa nani?"

"Mwalimu," Ambrosi akasema. "Mama Scola, wewe si ni mwanachama? Nikuulize. Maduhu yuko wapi?"

Hakuna aliyejua.

Huyo Maduhu ndiye mshambuliaji wetu. Septemba, wakati wa usajili, kila mtu alitaka tumlete mchezaji mmoja wa Sumbawanga aliyekuwa akivuma. Ambrosi alikuwa hata ameshamtungia wimbo. Mwalimu Josephat akasema timu haina uwezo huo, akapanda basi kwenda kijijini Usevya peke yake, akarudi na kijana mrefu, mpole, aliyevaa raba za kuazima. Watu walinuna. Halafu yule kijana akafunga magoli tisa katika mechi saba, na waliokuwa wamenuna wakaanza kusema wao ndio waliomwona wa kwanza.

Mwaka Mpya Maduhu alikwenda kwao kusalimia na hakurudi. Simu yake haikupatikana. Dirisha dogo la usajili likafungwa Ijumaa, Mwalimu hajaleta mtu mwingine, wala hajasema kitu. Na Jumamosi inayokuja tulikuwa na mechi ya mwisho na vijana wa Katumba. Tukishinda, tunaingia nne bora ya mkoa. Hatujawahi kuingia.

"Ameshamuuza," Ambrosi akasema. "Nawaambia. Nilimuuliza Septemba, Mwalimu, huyu dogo umemalizana naye vipi? Akanijibu, nimemalizana na familia. Basi. Umewapa nini? Kimya. Mtu akikaa kimya hivyo ana jambo."

"Au hana la kusema," Scola akasema.

"Wewe unamtetea kwa sababu alikufundishia mwanao."

"Na wewe alikufundisha wewe mwenyewe, na hesabu ya kutoa bado inakushinda. Mwaka jana mlisajili viungo sita, golikipa mmoja. Yule golikipa alipougua malaria mkamweka langoni fundi baiskeli."

"Hayo yalikuwa makosa ya kocha!"

"Kocha ndiye aliyesema fundi baiskeli ana mikono mirefu?"

Wakiwa katikati ya hayo Mwalimu Josephat akatokea kwenye kona, shati limenyooshwa, mwavuli mkononi. Benchi sasa lilikuwa limejaa vijana wanaokunywa chai. Wote walimwamkia, lakini ile shikamoo ilitoka puani. Mwalimu akaitikia kila mmoja kwa jina lake.

"Mwalimu," Ambrosi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya heshima, jambo ambalo lilinitisha zaidi. "Maduhu anacheza Jumamosi?"

"Atacheza."

"Yuko wapi?"

"Kwao."

"Anafanya nini?"

Mwalimu akaangalia ncha ya mwavuli wake. "Atacheza, Ambrosi."

"Sawa. Asipoonekana uwanjani Jumamosi, Jumapili kwenye mkutano mkuu naleta hoja. Utuachie muhuri wa timu na daftari, upumzike. Nisamehe, Mwalimu, lakini ndivyo wanachama wanavyosema."

Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei, akaondoka bila kunywa chai. Miaka yote ile sikuwahi kumwona anaondoka bila kunywa chai.

Jumanne alikuja saa nne, wakati vijana wote wameshatawanyika kutafuta riziki. Nilikuwa nimemwekea chapati mbili chini ya sahani. Akaketi karibu na jiko, si kwenye benchi, akala taratibu. Sikumuuliza kitu. Nimelea watoto saba, najua kwamba jambo zito ukilivuta linakatika.

"Bibi Specioza," akasema mwisho, "nimefanya upumbavu."

Akanieleza. Septemba alipofika Usevya alimkuta Nyanzala, mama yake Maduhu, Msukuma, mjane, ana binti watatu na huyo kijana mmoja. Maduhu ndiye anayelima na maksai, ndiye anayeongoza kupanda mpunga. Mwalimu alipoomba kumchukua, yule mama hakutaja fedha. Alimwuliza jambo moja tu: mkimchukua huyu, mvua ikianza majaruba yangu atapanda nani?

"Na mimi nikamwambia, mama, timu nzima tutakuja siku moja kukupandia."

"Ulimwambia hivyo?"

"Bibi, ilikuwa Septemba. Ardhi imepasuka, vumbi mpaka magotini, ng'ombe wanalamba udongo. Ukiwa pale huwezi kuamini kwamba mvua itakuja tena. Nilitamka kama mtu anavyosema karibu nyumbani. Lakini yule mama aliinuka, akakamata jogoo, akachinja. Nikala. Nilipokuwa natafuna paja ndipo nilipoelewa kwamba kwao tumeshakubaliana. Wao hulimiana kwa zamu, na anayesema nitakuja, anakuja."

"Ukawaambia kamati?"

"Wangenicheka. Nikasema nitaona huko mbele. Kisha Maduhu akaanza kufunga magoli, nikasahau. Hapana, siwezi kusema nilisahau. Kila mvua ilipogonga bati nilikumbuka."

Akatoa kipande cha karatasi mfukoni. Kondakta wa basi alikuwa amemletea wiki iliyopita. Maandishi ya Maduhu yalikuwa makubwa, yaliyonyooka: Mwalimu shikamoo. Miche inazeeka, leo ina siku thelathini. Mama anauliza mnakuja lini.

Basi kumbe jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka yote Nyanzala hupanda majaruba mawili, yale anayoweza na watoto wake. Mwaka huu, kwa sababu timu nzima inakuja, alimwaga mbegu ya majaruba sita. Kitalu kikaota vizuri, kijani tupu. Yeye na watoto wakamaliza yale mawili yao, wakakaa wakingoja watu wa Mpanda. Tulipokosekana, Maduhu hakuweza kumwacha mama yake na miche ya majaruba manne ikiwa kitaluni, inakuwa mirefu na kugeuka njano. Akaendelea kupanda peke yake na dada zake, kidogo kidogo.

"Kwa hiyo hajatutoroka," nikasema.

"Hapana. Sisi ndio tuliomkimbia."

Nikamimina chai nyingine. Nikamwambia kesho aje asubuhi, wakati watu wamejaa, aseme kama alivyoniambia mimi. Akasema Ambrosi atamtafuna. Nikamwambia Ambrosi ana meno, lakini namjua tangu hana hata moja.

Jumatano alikuja. Alisimama mbele ya benchi kama anayefundisha, akaeleza yote, hata jogoo hakumwacha. Benedikto, mwenyekiti wetu, mwenye duka la mbao, naye alikuwepo. Mwalimu alipomaliza, mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, na Scola akacheka mpaka akashika nguzo ya banda langu.

"Yaani," Ambrosi akasema, "wenzetu wanasajili kwa mkataba. Sisi tumesajili kwa jembe?"

"Si jembe," Mwalimu akasema. "Mpunga unapandwa kwa mkono."

"Ndiyo mbaya zaidi!"

"Sisi ni klabu ya mpira," mwanachama mmoja akasema nyuma. "Si kikundi cha vibarua."

"Na mechi Jumamosi! Tukapande mpunga Ijumaa, Jumamosi tushangilie na migongo gani?"

"Wewe mgongo wako unafanya kazi gani?" Scola akamwuliza. "Magoli tisa umeshangilia ukiwa umekaa."

"Mwenyekiti, sema kitu."

Benedikto akakuna kidevu. Akasema kwamba kikatiba, katibu hana mamlaka ya kuahidi nguvu za wanachama bila kikao. Wakapiga makofi. Akasema pia kwamba kikatiba, mchezaji aliyesajiliwa kwa makubaliano ambayo timu haikuyatimiza si wa timu. Makofi yakafa.

"Ina maana Maduhu si wetu?"

"Ina maana yale magoli tisa ni ya kuazima," Benedikto akasema.

Wakaanza kubishana upya, kila mtu na sera yake ya usajili. Mmoja alitaka wachezaji wa mjini tu, wasio na mashamba. Mwingine akamkumbusha kwamba wa mjini mmoja alikwenda kuoa Tabora wiki ya mechi. Nilimtazama Ambrosi. Alikuwa anazungusha ile karatasi yake vidoleni.

"Mwalimu," akauliza, "hicho kitalu kina siku ngapi?"

"Kwa hesabu ya barua ya Maduhu, siku thelathini na nane."

Ambrosi akafumba macho. Mama yake alikuwa mkulima wa mpunga, na yeye utoto wake wote aliupitisha kwenye maji ya majaruba kabla hajaja kwangu kusoma. Sikuhitaji kumweleza siku thelathini na nane ni nini.

"Wiki ijayo miche hiyo ni ya kulisha ng'ombe," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Mama wa watu amemwaga mbegu ya watu thelathini kwa sababu sisi tulisema tunakuja. Nyie mnaongea katiba. Ijumaa tunakwenda. Mwenyekiti, Fuso lako lina mafuta?"

Benedikto akasema litakuwa nayo.

"Ila Mwalimu," Ambrosi akaongeza, akiikunja karatasi na kuitia mfukoni, "Jumapili iko palepale. Dogo asipocheza, hoja yangu naleta."

"Ni haki yako," Mwalimu akasema. Na siku hiyo alikunywa chai.

Ijumaa tuliondoka alfajiri, watu ishirini na saba nyuma ya Fuso la mbao, na mimi mbele kwa dereva kwa sababu ya magoti. Wachezaji hawakuja, kocha aliwakataza. Vijana waliimba mpaka Sitalike, wakanyamaza kidogo kutazama viboko mtoni, wakaimba tena porini mote. Scola alibeba sufuria na nyanya za kutosha harusi. Hakuna aliyemwomba.

Tulipofika, Nyanzala alikuwa ndani ya maji na binti zake watatu na Maduhu. Aliinua mgongo, akakinga jua kwa mkono, akahesabu vichwa kwa macho. Nilidhani atatugombeza, na angekuwa na haki. Akatoka majini, akanawa mikono, akampa Mwalimu mkono.

"Mmechelewa," akasema. "Njia ilikuwa mbaya?"

Njia ilikuwa lami karibu yote. Lakini Mwalimu alikamata lile neno kama mtu anayezama.

"Ilikuwa mbaya, mama," akasema. "Mbaya sana. Utusamehe."

"Basi mmefika. Wabeja, asanteni."

Yalibaki majaruba matatu na robo. Mimi walinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, kazi yangu ikawa kufunga miche mafungu mafungu. Wenzangu wakaingia matopeni. Ah, ungewaona watu wa Makanyagio! Fundi cherehani alipoteza kandambili zote mbili kabla hajapanda mche hata mmoja. Benedikto alikanyaga tuta, tuta likakubali, akakaa. Mistari yao ilikwenda kama nyayo za mbuzi.

"Beki ya kulia, unaacha nafasi!" Ambrosi alikuwa anapiga kelele. "Funga hapo! Wewe namba sita, shuka chini, shuka chini!"

"Nishuke wapi tena? Nimeshafika kiunoni!"

"Mwamuzi, huyu ananirushia tope!"

Ambrosi mwenyewe alipanda kama mashine. Vidole vyake vilikuwa havijasahau. Watu walimwona, wakaanza kumfuata nyuma wakiiga. Manyunyu yalipoanza, nilihisi kitu mabegani. Alikuwa amenifunika koti lake la bodaboda na ameshaondoka, wala hakungoja niseme asante.

Saa saba Nyanzala akatuita kula. Wali, kunde, na mchuzi wa nyanya za Scola. Watu wote walikaa kwenye uwanja wa nyumba wakipiga soga. Mimi nilikuwa nimekaa mahali ambapo shamba linaonekana. Nikawaona Nyanzala na binti zake wawili wakirudi majini kimyakimya, wakipita kwenye mistari yetu. Walikuwa wanaing'oa miche tuliyoiweka vibaya na kuipanda upya, haraka haraka, na mmoja anaangalia nyumbani kama kuna mtu anayetoka. Walipomsikia Benedikto anakuja kunawa, wakasimama, wakajifanya wanatazama mawingu.

"Kazi nzuri, mwenyekiti," Nyanzala akamwambia. "Watu wa mjini mnajua."

Benedikto alivimba kichwa mpaka jioni. Sikusema kitu, na mpaka leo ninapoandika haya yeye hajui.

Ilipofika saa tisa na nusu tulikuwa tumemaliza majaruba yote isipokuwa la sita, ambalo hata robo halikufika. Dereva akasema lazima tuondoke, njia ya mbugani si ya kuchezea. Watu wakaanza kupanda Fuso wakishika viuno. Maduhu akabaki amesimama matopeni, fungu la miche mkononi.

"Mwalimu," akasema, "nitakuja kesho na basi."

"Basi linafika saa kumi. Mechi inaanza saa kumi."

Kijana akamtazama mama yake, akalitazama jaruba. Mama yake akamwambia nenda. Hakusogea. Kila mtu alijua kwamba akibaki, Jumapili Mwalimu hana utetezi. Mwalimu mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema.

"Baki, mwanangu. Mama yako kwanza. Mimi nitajieleza."

Akageuka kwenda kwenye gari. Na hapo nikamsikia Ambrosi, ambaye alikuwa ameshanawa miguu na kuvaa viatu.

"Kwani jaruba moja ni nini?" Akavua viatu tena, akakunja suruali. "Maduhu, panda gari. Oya, panda, usinizingue! Mimi nabaki. Kesho jioni nitakuwa nimemaliza na hawa dada zako."

"Ambrosi, utakosa mechi," Scola akasema.

"Najua."

"Tangu umeanza kutembea hujakosa mechi."

"Mama Scola, najua! Msinikumbushe kumbushe." Akampokea Maduhu lile fungu la miche mkononi. "Wewe ukafunge. Ukikosa goli la wazi nakurudisha huku mwenyewe."

Nikamwona Nyanzala anafungua kanga yake ya juu, anaitundika kwenye kigingi kando ya viatu vya Ambrosi, kavu, ili akitoka majini apate cha kujifutia.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wachezaji walikuwa wazima, lakini mashabiki, masikini, hawakuweza kusimama. Katumba walipokaribia lango letu watu walitaka kuruka, wakaishia kuguna. Dakika ya kumi na mbili Maduhu aliruka katikati ya mabeki wawili, akapiga kichwa, goli. Tulishangilia tukiwa tumekaa, tukipiga vikombe. Kipindi cha pili miguu ikamkaza. Siku kumi na mbili matopeni si mchezo. Alilala chini mara tatu, mara ya tatu akatolewa, na beki wa Katumba aliyekuwa akimkaba ndiye aliyemnyoosha mguu mpaka machela ikafika. Dakika ya themanini Katumba wakasawazisha. Ikaisha sare, moja kwa moja. Nne bora wakaingia wao.

Kwa hiyo Jumapili saa kumi alasiri, watu walipokusanyika kwenye darasa la shule kwa mkutano, hawakuwa na furaha. Mwalimu Josephat alikaa mbele, na juu ya meza alikuwa ameweka mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na muhuri wa timu na daftari la mihtasari, vimefungwa vizuri. Hakumngoja mtu amfukuze.

"Hoja ni ya Ambrosi," Benedikto akasema. "Ambrosi hayupo?"

"Yupo!" sauti ikajibu mlangoni.

Alikuwa ameshuka kwenye basi dakika ile. Suruali yake ilikuwa na tope lililokauka mpaka magotini, na mkononi alibeba kuku aliyefungwa miguu. Nyanzala alikuwa amemkabidhi.

"Ngapi ngapi?" akauliza kwanza.

Wakamwambia. Akakaa kwenye dawati la nyuma, akamweka kuku chini, akafunika uso kwa mikono.

"Hoja yako, Ambrosi," Benedikto akasema polepole. "Unaileta?"

"Maduhu alicheza?"

"Alicheza. Na goli letu alifunga yeye."

"Mimi nilisema asipocheza. Amecheza." Akaitoa ile karatasi yenye majina kumi na manne. Ilikuwa imelowa, imekauka, imeshikana kama andazi. Hakuweza hata kuifungua. "Hoja haisomeki, mwenyekiti."

Watu wakacheka, lakini mzee mmoja wa kamati akasimama, akasema kosa ni kosa. Katibu alificha jambo kwa miezi minne, na kama tungekwenda Desemba kijana angecheza akiwa mzima, leo tungekuwa nne bora. Wengi wakaitikia kwa vichwa, na hata mimi niliona kuna ukweli. Mwalimu akasimama. Akausukuma tu ule mfuko mpaka katikati ya meza.

Ambrosi naye akasimama.

"Ni kweli alikosea," akasema. "Mwalimu, ulikosea. Ungetuambia Septemba ile ile. Tungekucheka wiki moja, halafu tungekwenda. Lakini nimelala pale kwao siku mbili. Jana tumemaliza saa kumi na moja, jaruba la sita limejaa. Yule mama kaniambia, mwalimu wenu nilijua atakuja, kwa sababu alipokula jogoo wangu alikula kwa aibu. Mimi nataka katibu wa namna hiyo. Kama kuna mwenye mwingine, amlete."

Benedikto akasema basi tupige kura kwa mikono, wanaotaka Mwalimu abaki. Mikono ikapanda, mingine kwa shida, mtu ameushika mkono mmoja kwa mkono mwingine ili ufike juu. Nilihesabu ishirini na sita kabla hawajaishusha. Waliopinga walikuwa watano, nao wakapeana mikono na Mwalimu. Benedikto akaongeza sharti moja: kuanzia sasa hakuna usajili bila kikao, na kikao kitauliza kwanza familia inalima nini.

"Vizuri umesema hivyo," Ambrosi akadakia, "maana jirani yake Nyanzala ana kijana golikipa. Nimemwona mwenyewe. Mikono kama mabua."

"Wanalima nini?" darasa zima likauliza.

"Tumbaku."

Pakalipuka makelele. Tumbaku! Kupanda, kupalilia, kuvunja majani, kukausha, hiyo si siku moja, hiyo ni ndoa! Scola akasema huyo golikipa aende zake Yanga. Mwingine akasema afadhali turudi kwa fundi baiskeli. Mtu akapendekeza tusajili mwenye duka, mwingine akamjibu kwamba mwenye duka atataka tumkalie dukani.

Mwalimu Josephat alikuwa ameketi, ameinamisha kichwa, akifuta miwani yake kwa pindo la shati, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka kidogo. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi na Benedikto. Mwenyekiti wetu huwa hapendi mikutano mirefu, ana duka lake. Lakini siku hiyo aliyaacha yale mabishano ya tumbaku yaendelee, hata akayachochea, akauliza eti kijana ana futi ngapi na anatumia mguu gani, mpaka Mwalimu alipovaa miwani, akauvuta ule mfuko, akatoa daftari na kuanza kuandika. Ndipo Benedikto akagonga meza na kusema tuendelee na ajenda.